Kunyang'anya Simu Si Malezi

Shule nyingi za bweni hapa Uganda humnyang'anya mwanafunzi simu, na mzazi hushangilia. Mimi napinga. Shule zilipofungwa Machi 2020, tuliambiwa tusome kwa redio, runinga na simu. Zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2022, chombo kilekile kikawa haramu. Mtoto aelewe nini? Likizo ikifika anaachiwa simu kutwa kucha, wala hakuna anayemwuliza anatazama nini.

Kibaya zaidi ni akaunti. TikTok na Facebook hutaka mtumiaji awe ametimiza miaka 13. Mtoto ana miaka 9. Baba mwenyewe anamjazia mwaka wa uongo ili asimsumbue. (Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, naye baba akaingia kwa VPN mbele ya mwanawe.) Kisha baba huyohuyo analalamika kwamba watoto wa siku hizi ni waongo! Samaki mkunje angali mbichi, sawa, lakini mkunjaji ni nani?

Wazazi waanze na simu zao: usiku zilale sebuleni pamoja na za watoto. Walimu nao wafungue makabati, wazitoe simu hizo, wafundishe darasani namna ya kutambua habari za uongo.