Chaki ya Sentimeta 212
Huko Mtunda, wilayani Kibiti, nimeona alama ya chaki kwenye ukuta wa udongo, juu kidogo ya fremu ya mlango. Binti wa mwenyeji wangu aliipima kwa futi ya fundi cherehani: sentimeta 212. Emirates wanataka mhudumu wa ndege afike hapo akisimama kwa ncha za vidole, maana vifaa vya dharura huwekwa kule juu, kwenye makabati ya mizigo. Kila jioni binti, anayeitaka kazi hiyo, anavua kandambili, anajinyoosha, anagusa. Sawa, ila nilimwambia: mwanangu, ukuta haukusaili. Usaili wa makundi una mtego wake. Mnakalishwa pamoja, mnapewa tatizo la kubuni, tuseme hoteli ina vyumba vinne na wageni tisa, mkubaliane nani alale wapi. Jibu lenyewe wala haliwashughulishi wasaili, wanatazama nani anamkata mwenzake kauli, nani amenuna, nani kamgeukia aliyekaa kimya akamuuliza, "Na wewe dada, unaonaje?" Wengi hudhani anayesema sana ndiye anayepita (mikutano ya kijiji imetuharibu). Binti huyu amekua akipanda boti za delta ya Rufiji, anajua abiria wanavyopangwa: mama mwenye mtoto kwanza, magunia katikati, mlevi abembelezwe mpaka akae. Kinachopwaya ni Kiingereza chake. Kwa hiyo, msomaji mwenye kamusi ya ziada nyumbani, ipeleke Mtunda.