Tusikilize Muziki: Besi ya Crucifixus



Wako watu wengi, na wanafunzi zaidi ya wote, ambao wakisikia redioni muziki wa Ulaya wa zamani za Bach huuzima upesi. Ukiwauliza sababu, hujibu: «Ni sauti nyingi zinazosema pamoja, wala sijui nishike ipi.» Jibu hilo si la kijinga hata kidogo. Muziki ule kweli una sauti nyingi zinazosema pamoja, na mtu aliyezoea wimbo wenye mwimbaji mmoja mbele na vyombo nyuma yake atamtafuta yule mmoja, asimpate, achoke. Kisha atasikia watu wakisema kwamba muziki huu ni wa wasomi tu, naye atasadiki.

Nataka leo tusikilize pamoja kipande kimoja tu, kifupi, cha dakika tatu au nne, ambacho maneno yake kila Mkristo aliyeimba Misa ya Kilatini ayafahamu. Ni Crucifixus, yaani fungu la Nasadiki lisemalo habari za kusulibiwa, mateso na kuzikwa kwake Bwana, katika Misa kubwa ya Johann Sebastian Bach, ile iitwayo Misa ya si minori.

Muziki wa tangu mwaka 1600 hivi hata karibu na 1750 huitwa wa Baroko. Jina hilo lilitolewa na watu wa baadaye, wala halikuwa la sifa: yasemekana latoka katika neno la Kireno la lulu iliyopindika. Tuliache jina, tutazame kazi.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo bila hilo mengine hayaeleweki. Watungaji wa zamani zile walijenga muziki wao kama mwashi ajengavyo nyumba, kutoka chini. Karibu kila kipande kilikuwa na besi isiyokoma tangu mwanzo hata mwisho. Chombo cha nyuzi chenye sauti nzito, kama vile selo, kilipiga noti za besi. Na pamoja nacho kinanda, ama kile kikubwa cha kanisani, ama kile cha nyuzi cha nyumbani, kilijaza noti nyingine juu yake. Mtungaji hakuziandika noti hizo za kujaza. Aliandika besi peke yake, na pamoja na noti zake tarakimu ndogo, pengine 6, pengine 7, zilizomwonyesha mpiga kinanda ni sauti gani ziitikie; naye alizibuni papo hapo kwa vidole vyake. Basi mtu aliyeishika besi ameshika kamba inayofunga mzigo mzima.

Kwa hiyo shauri langu kwa yule asiyejua ashike sauti ipi ni hili: usianze juu. Sisi sote tumezoea kufuata sauti ya kwanza, kwa kuwa ndiyo isikikayo upesi. (Hata katika kwaya zetu sauti ya kwanza hupaaza hata ya nne isijulikane kama ipo, lakini hayo tutayasema siku nyingine.) Shuka chini, uitafute besi, uifuate hiyo peke yake, ukaache nyingine zipite kama watu wapitao njiani.

Katika Crucifixus besi yenyewe ni nyepesi kushika. Yaanza mi, yashuka nusu hatua kwa nusu hatua: re diyezi, re, do diyezi, do, hata kufika si, halafu yarudi mi ilikotoka. Vipimo vinne tu vya muziki. Ikiisha, yaanza tena vile vile. Na tena. Noti zake hazivutwi. Zagongwa moja moja kwa mwendo usiobadilika, kama hatua za mtu abebaye kitu kizito katika mteremko.

Mambo haya si mageni kwa masikio yetu. Mpiga likembe hushika mfuatano mmoja mfupi, akaurudia muda mrefu, na juu yake mwimbaji husimulia habari ndefu. Hakuna msikilizaji anayelalamika kwamba likembe larudia. Marudio hayo ndiyo ardhi anayosimama mwimbaji. Sikio lililozoea likembe limekwisha kupata nusu ya somo hili, na ndiyo sababu sikubaliani na wale wasemao kwamba muziki wa Baroko hauwezi kuwa wetu.

Lakini kwa nini besi ishuke? Hapo twakuta desturi ambayo watu wa zamani zile waliijua bila kuambiwa. Kwa muda wa miaka mia moja na zaidi, besi ya kushuka namna hii ilikuwa alama ya kilio. Claudio Monteverdi, mkuu wa muziki katika kanisa la Mtakatifu Marko huko Venezia, alichapisha mwaka 1638 maombolezo ya msichana aliyeachwa na mpenzi wake, na chini ya kilio hicho noti nne zashuka, zarudi, zashuka tena, bila kumhurumia. Huko Uingereza Henry Purcell, aliyefariki mwaka 1695, alimwimbisha malkia Dido kuaga dunia juu ya besi ishukayo nusu hatua kwa nusu hatua, ndugu kabisa wa hii ya Bach. Kama vile mtu akisikia mlio wa ngoma ya msiba kutoka kijiji cha jirani ajua kabla mjumbe hajafika, ndivyo msikilizaji wa wakati ule alivyojua kwa besi peke yake, mwimbaji hajafumbua bado kinywa, kwamba kuna kifo.

Bach mwenyewe aliiandika besi hii mara ya kwanza mwaka 1714, akiwa na umri wa miaka 29, mjini Weimar, katika kazi ya Kijerumani isemayo habari za kulia na kulalamika, za wasiwasi na hofu. Miaka karibu 35 ilipita. Bach amekuwa mzee wa zaidi ya miaka sitini, macho yake yaharibika, naye akusanya kazi zake bora ili apate kutengeneza Misa nzima ya Kilatini. Jambo hili lastahili kufikiriwa, maana Bach alikuwa Mluteri, mkuu wa muziki wa kanisa la Mtakatifu Tomaso mjini Leipzig. Kirie na Gloria alikuwa amekwisha kuzipeleka mwaka 1733 kwa mtawala wa Saksonia, aliyekuwa Mkatoliki, akitumaini kupewa cheo. Sanctus ilikuwa ya mwaka 1724. Zilizosalia alizikamilisha katika miaka ya 1748 na 1749, na Misa ilipotimia ilikuwa ya karibu saa mbili, ndefu mno kwa ibada ya kawaida. Alifariki tarehe 28 Julai 1750. Hati aliyoiandika kwa mkono wake yahifadhiwa Berlin, na mwaka 2015 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Alipoichukua ile kazi ya ujana wake hakuinakili tu. Noti za besi zilizokuwa ndefu alizikata zikawa za kugongwagongwa. Aliongeza filimbi mbili. Na hapo kwanza besi ilikuwa imerudiwa mara 12. Sasa yarudiwa mara 13, kwa kuwa mwanzoni aliongeza zamu moja ya vyombo bila waimbaji. Zamu ya mwisho nayo aliigeuza, kama tutakavyosikia.

Haya, keti mahali penye utulivu. Kama una santuri, vema. Kama ni redio au simu ya mkononi, vema pia, ila simu ndogo mara nyingi huila besi, na hapo vifaa vya kutia masikioni vyasaidia. Mara ya kwanza usisikilize kitu kingine ila besi, ukahesabu zamu zake kwa vidole. Usione haya kuhesabu! Mtu asiyehesabu huchoka katika zamu ya nne, husema: «Ni yale yale.» Kweli ni yale yale, na yamewekwa hivyo kusudi. Watungaji wa Baroko walikuwa na desturi ya kukipa kipande kimoja hisia moja, wakaishikilia hata mwisho. Hawakutaka kukuchekesha na kukuliza ndani ya dakika tatu. Walikuweka mbele ya jambo moja, ukae nalo.

Mara ya pili, acha vidole viendelee na besi, uwatazame waimbaji. Zamu ya kwanza ni vyombo peke yake: filimbi zatoa mlio mfupi, nyuzi zaitikia, kama watu wasioweza kumaliza sentensi. Zamu ya pili waimbaji waingia mmoja baada ya mwenzake, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja na neno lile lile, Crucifixus. Hapana apigaye kelele. Sauti zasuguana, hii yaumia juu ya ile, kisha yaachia, na nyingine yaanza kuumia. Uchungu wote wa kipande hiki umo katika msuguano huo kati ya besi isiyogeuka na sauti za juu zisizopata pa kukaa.

Ukikilinganisha chapa mbili za waimbaji mbalimbali, usishangae kuona moja iko chini ya nyingine kwa nusu hatua hivi. Siku hizi wako wanamuziki wanaotumia vyombo vya namna ya zamani, vyenye nyuzi za utumbo wa mnyama, na la yao ni ya mitetemo 415 kwa sekunde, wakati la ya kawaida ya leo ni 440. Wengine huimba na kwaya ya watu mia. Na tangu miaka ya 1980 wako waimbao kwa mtu mmoja tu katika kila sauti. Mimi kwa kazi yetu ya leo napenda kundi dogo, kwa kuwa besi haifunikwi. Wasomaji wa Katanga wanaoijua Missa Luba, ile iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 pamoja na Padri Guido Haazen, wataona furaha kusikiliza Crucifixus zote mbili siku moja, maana maneno ni yale yale ya Kilatini; lakini waanze na moja.

Sasa mara ya tatu, na hapa usipotewe na hesabu. Ikifika zamu ya 13, filimbi zimenyamaza. Nyuzi za juu zimenyamaza. Zimebaki sauti nne za watu, na besi chini yake. Maneno yamefika mahali pa kuzikwa, nao waimbaji washuka, washuka, hata chini kabisa ya sauti zao, wakiimba polepole kwa upole. Na besi iliyorudi kwake mara 12 bila kubadilika sasa yapinda. Hairudi mi. Yatua sol, na ile huzuni ya mi minori yageuka, katika noti chache tu, kuwa sol majori iliyo laini na yenye mwanga. Asiyehesabu ataona tu kwamba kipande kimeisha kwa utulivu. Aliyehesabu atashtuka, kwa sababu mara 12 amefundishwa besi itakwenda wapi, na mara ya 13 imekwenda kwingine. Na hayo yametokea kaburini, hakuna aliyesema neno lo lote la kufufuka.

Bach alijua alipokiweka kipande hiki. Nasadiki yake ina sehemu tisa, na Crucifixus ni ya tano. Hapo mwanzo haikuwa hivyo. Maneno ya kufanyika mtu kwake Mwana wa Mungu yalikuwa ndani ya sehemu iliyotangulia. Baadaye mzee aliyatungia sehemu yao peke yao, akaiingiza kwa karatasi ya kuongeza, na hivyo msalaba ukasimama katikati, sehemu nne mbele yake na nne nyuma.

Baada ya sol ile ya chini pana kimya kifupi. Msiguse redio. Bila utangulizi wo wote yaja Et resurrexit: sauti tano, tarumbeta tatu, ngoma, filimbi, nyuzi, vyote kwa mara moja, mbio, katika re majori. Na humo ndani, yanapofika maneno ya kurudi kwake kwa utukufu, wengine wote waimbao wanyamaza, na besi yaachiwa nafasi peke yake, mstari mrefu wa kupanda na kushuka usiotoa hata mahali pa kupumua. Wale wa sauti ya nne katika kwaya zetu watapenda kuujaribu.