Usiuchane Mwavuli Wako

Mpenzi msomaji, hebu pitisha kidole juu ya mkono wako. Usishangae nikikwambia kuwa ulichogusa ni seli zilizokufa!

Seli za ngozi ya juu huzaliwa katika tabaka lake la chini kabisa. Kutoka hapo husukumwa juu polepole zikijaa keratini, protini iliyo pia katika kucha na nywele. Baada ya majuma manne hivi hufika juu zikiwa zimekufa, kisha zikapukutika. Ndizo huzuia maji yasitutoke na viini vya maradhi visituingie.

Huko chini pia zimo seli za kutengeneza melanini, yaani rangi. Mwafrika na Mzungu wana karibu idadi sawa ya seli hizo. Tofauti ni kiasi na aina ya rangi. Melanini hufunika kiini cha seli mfano wa mwavuli, kisiunguzwe na miale ya jua.

Sasa wewe dada (na kaka pia!) unayejichubua, mwavuli huo unauchana mwenyewe. Isitoshe, krimu zenye zebaki hupenya hadi kwenye damu na kudhuru figo. Kama umeshaanza, usione haya. Mwone daktari, na kikopo ukibebe.