Mchuuzi Aonyeshwe Mahali Kwanza



Ndugu zangu wazazi, na ninyi wanafunzi wetu, kwenye baraza zetu hapa Buyenzi husikika kwamba wachuuzi wa barabarani ni wakaidi, wafukuzwe jiji lipate kusafika. Mimi sikubaliani na maneno hayo.

Tukumbuke walikotoka. Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, Soko Kuu la Bujumbura liliteketea. Maelfu walipoteza mali, na pamoja na mali wakapoteza mahali. Mwenye akiba alipata kibanda kwingine. Asiyekuwa nayo alijitwika beseni akaingia njiani, na uwanja wa soko ukabaki magofu miaka na miaka. Kisha tunamwuliza yule mama, kwa nini huendi sokoni? Soko lipi, na kodi ya kibanda aitoe wapi?

Mwanafunzi wangu mmoja alikosa darasa siku tatu. Nilipomwuliza, akaniambia beseni la ndizi la mama yake limechukuliwa njiani, na mtaji wote wa nyumba ulikuwa mle. Mtu akikosa, atozwe faini inayojulikana, apewe risiti, arudishiwe chake. Kumnyang'anya na ndizi zisijulikane zilikokwenda ni dhulma, wala tusiipambe kwa jina la usafi.

Mtasema njia ina haki yake. Kweli kabisa! Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuondoa udhia njiani, na anayetandaza nyanya hata mgonjwa akakosa pa kupita amekosea, awe maskini au tajiri. (Na sisi tunaoziba barabara kwa magari siku ya Ijumaa je?) Lakini Mtume huyohuyo, kama inavyosimuliwa katika sira, aliwatengea watu wa Madina soko lao, na hakupenda watozwe ushuru humo.

Jirani zetu Tanzania walijaribu. Desemba 2018 Rais Magufuli aliwatolea wamachinga vitambulisho vya shilingi 20,000, wafanye biashara bila kubughudhiwa. Mwaka 2021 wakaondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam. Kitambulisho kisicho na mahali hakikuwalinda.

Kwa hiyo, kabla ya kufukuza watu tena, manispaa ikae na wachuuzi wenyewe, iandike majina yao, iwatengee sehemu wanakopita wanunuzi, si porini, na ushuru wa siku uwe mdogo wenye risiti. Atakayekataa kwenda huko baada ya hapo, mimi mwenyewe sitamtetea.

Wabillahi tawfiq.