MONDULI NI YA TAIFA, SI YA CHAMA

Kijana anayehitimu Chuo cha Maofisa wa Jeshi kule Monduli, mkoani Arusha, hutunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu. Anatoka na nyota moja begani na cheo cha Luteni Usu. Wazazi wanapiga vigelegele, na wana haki. Sisi tunauliza jambo moja tu: kijana huyo ni askari wa nani?

Swali hili lina historia. Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Walidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali changa ilitikisika mpaka ikawaita Waingereza hao hao kuja kuizima fujo. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1, 1964 likazaliwa JWTZ. Mkuu wake wa kwanza, Mrisho Sarakikya, alisomea uofisa Sandhurst, Uingereza, kwa sababu hapa nyumbani hapakuwa na chuo.

Watawala walijifunza somo lao. Waliamua kuwa askari asiyekuwa na chama ni hatari, kwa hiyo wakamfunga chamani. Makambini yakafunguliwa matawi ya TANU, baadaye CCM, na makamisaa wa siasa wakatembea bega kwa bega na makamanda. Monduli ikajengwa katika hali hiyo. Mwanafunzi alifundishwa ramani, silaha na siasa ya chama.

Hatutaki kuwa wachoyo wa fadhila. Jeshi hilo lilimfukuza Idi Amin na kuingia Kampala Aprili 1979, na baada ya vita hata vijana wa Uganda waliletwa Monduli kufundishwa uofisa. Tena, wakati majirani walikuwa wakiamshwa na redio kutangaziwa serikali mpya, sisi tulilala usingizi. Hilo tunalikubali.

Lakini ulaji nao ulikuwapo. Mhitimu wa Monduli anayejulikana kuliko wote ni Jakaya Kikwete. Alisomea uofisa pale mwaka 1976, na katikati ya miaka ya 1980 akarudi kuwa mkufunzi wa siasa na kamisaa. Mfumo wa vyama vingi ulipoingia mwaka 1992 sheria ilimtaka achague, naye akavua kombati akiwa Luteni Kanali. Miaka 13 baadaye aliingia Ikulu, na mwaka 2015 akaondoka muda wake ulipokwisha. Sheria hakuivunja, na hatumlaumu kwa kuchagua.

Tatizo letu ni njia yenyewe. Kanali mstaafu Abdulrahman Kinana alikuwa Katibu Mkuu wa CCM. Kabla yake alikuwapo Luteni mstaafu Yusuf Makamba. Kapteni mstaafu George Mkuchika amekuwa kigogo wa chama na waziri. Vyeo vya jeshi vimepanda nao jukwaani, vikitajwa kabla ya jina. Mwananchi wa Manzese au Mbagala akisikia "Kanali" juu ya jukwaa la kijani, aelewe nini?

Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Ni maneno mazuri. Lakini tangu mwaka 1996 kila Rais amekuja kuwa Mwenyekiti wa CCM. Mkono unaomtunuku Luteni Usu kamisheni ndio unaoshika rungu la kikao cha chama kimoja. Kofia mbili, kichwa kimoja! Ofisa huyo huyo akistaafu, anaweza kuteuliwa na Rais kuwa mkuu wa wilaya, na mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama, katika wilaya ile ile ambamo wapinzani wanaomba kura. Nani atamwambia kijana aliye kwenye gwaride kwamba chama hakipo pale?

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, Amiri Jeshi Mkuu asiwe kiongozi wa chama. Pili, sheria imtake ofisa anayestaafu akae miaka kadhaa kabla ya kushika uongozi wa chama au kuteuliwa mkuu wa wilaya au mkoa. Tatu, Ibara ya 147 ifundishwe Monduli kwa uzito ule ule uliopewa siasa ya chama enzi za makamisaa.

Na nyinyi vijana wa vijiweni, msilichukie jeshi kwa sababu ya wanasiasa. Ofisa wa Monduli ni ndugu yenu, mtoto wa mlalahoi kama nyinyi. Akifa mpakani anafia nchi nzima, yenye kadi na isiyo na kadi. Basi nchi nzima, siyo chama, ndiyo imdai utii wake.