Kipimo cha Kaya: Nani Maskini Katika Kaunti Arobaini na Saba?

Waswahili husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tangu serikali za kaunti zianze kazi nchini Kenya mwaka 2013, methali hii imepata uwanja mpya. Kila fedha za taifa zinapogawanywa, kaunti hulinganishwa; baadhi huitwa tajiri na nyingine maskini, kana kwamba kaunti ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Makala haya yanashikilia kwamba ulinganishaji huo, jinsi unavyofanywa majukwaani, una kasoro ya kimsingi: vipimo vitatu tofauti huchanganywa na kupewa jina moja.

Kipimo cha kwanza ni pato la kaunti, yaani thamani ya bidhaa na huduma zinazozalishwa ndani ya mipaka yake kwa mwaka. Shirika la Kitaifa la Takwimu lilichapisha hesabu hizi kwa mara ya kwanza mwaka 2019, zikihusu miaka ya 2013 hadi 2017. Zilionyesha kwamba Nairobi pekee ilichangia zaidi ya moja ya tano ya pato lote la nchi. Hata hivyo, pato la mahali si kipato cha wakazi wake. Karani anayelala Ruiru au Kitengela na kufanya kazi jijini huhesabiwa jasho lake Nairobi, ilhali mshahara wake hununua unga Kiambu au Kajiado. Vivyo hivyo, mvuke wa Olkaria huliongeza pato la Nakuru, lakini faida yake haigawanywi nyumba kwa nyumba huko Naivasha.

Kipimo cha pili ni hali ya kaya. Kwa Wamijikenda, kaya ni makao ya kale yaliyozungukwa na msitu. Kwa watakwimu, ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2015/16 ulipima umaskini kwa kuangalia matumizi badala ya mishahara, kikiwemo chakula ambacho kaya hujilimia yenyewe. Busara yake ni wazi: mkulima, mvuvi na mchuuzi hawana hati ya mshahara ya kuonyesha. Mstari wa umaskini uliwekwa kuwa shilingi 3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi mashambani, na shilingi 5,995 mijini. Tofauti hiyo ya karibu maradufu inatosha kuonya kwamba shilingi ya Nairobi na shilingi ya Lodwar hazina uzito mmoja. Kwa kipimo hicho, asilimia 36.1 ya Wakenya walikuwa maskini. Turkana ilikuwa na asilimia 79.4, Mandera 77.6, na Nairobi 16.7.

Kipimo cha tatu ni idadi ya watu, na hapa ndipo asilimia huweza kuhadaa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 4,397,073 jijini Nairobi. Kiwango kile cha asilimia 16.7 kikiwekwa juu ya idadi hiyo, hupatikana watu zaidi ya laki saba, ambao ni kama mara tano ya wakazi wote wa Lamu, maskini kwa matajiri. Je, maskini wa jiji hana njaa kwa kuwa jirani yake ana gari? Kadhalika, wastani wa Kwale huzijumlisha hoteli za Diani na mashamba makavu ya Kinango. Wastani ni kama kivuli cha mti: humwonyesha mtazamaji ukubwa wa mti, humficha matawi yaliyokauka.

Kuchanganya vipimo hivi kuna gharama. Mwaka 2020, mjadala wa mgao wa fedha ulikwama katika Seneti kwa miezi kadhaa. Upande mmoja ulidai mtu mmoja, shilingi moja; upande wa pili ukadai kwamba ukubwa wa eneo na uzito wa umaskini havina budi kuzingatiwa. Katika mfumo wa kwanza wa ugavi, umaskini ulipewa uzito wa asilimia 20. Katika mfumo ulioafikiwa Septemba mwaka 2020, ulipewa asilimia 14. Nyuma ya tarakimu hizo kuna zahanati, visima na barabara.

Wanaodai shilingi moja kwa kila mtu wana hoja: huduma hutolewa kwa watu, si kwa mchanga. Lakini hoja hiyo husahau historia. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo katika maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, usafiri na nguvu za umeme, kwa matumaini kwamba mavuno yake yangewafikia wengine baadaye. Maeneo ya kaskazini yalibaki yakingoja. Umaskini wa Turkana na Mandera basi haukuletwa na jua peke yake. Uliandikwa pia kwa wino. Haki inadai kwamba kilichopotoshwa kwa sera kirekebishwe kwa sera. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Njia ya kutokea ipo. Pato la kaunti litumiwe kupima uzalishaji, si maisha ya watu. Hali ya kaya ipimwe mara kwa mara, na itolewe kwa kiwango na kwa idadi, hadi ngazi ya kaunti ndogo, ili maskini wa Mathare na wa Loima waonekane wote wawili.

Wataalamu wa Kiswahili nao wana deni. Ripoti za takwimu huandikwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mwananchi anayeitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti yake, bila kutenganishiwa pato, kipato na matumizi kwa lugha anayoielewa, huitwa kushuhudia tu. Istilahi hizo zikisanifiwa na kufundishwa, mwenye njaa ataweza kumweleza mwenye shibe, kwa hesabu asiyoweza kuikana, jinsi njaa ilivyo.