Saratani ya mlango wa kizazi: Tuchange nauli kabla ya sanda



Nami natoa maoni yangu juu ya jambo linalowagusa wananchi wengi, hasa sisi tuishio vijijini, lakini ambalo husemwa kwa kunong'ona tu. Jambo hilo ni saratani ya mlango wa kizazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Mbinga. Si daktari wala muuguzi. Lakini mwalimu wa kijijini huona mengi, maana maradhi yanayoingia nyumbani hayachelewi kuonekana darasani kwa mtoto.

Nianze na hesabu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani walipatikana na saratani hii, na wapatao 350,000 walikufa kwayo. Katika kila wanawake 100 waliokufa, 94 walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu Tanzania makadirio ya mwaka huo yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Mwanafunzi wa Darasa la Nne anaweza kugawanya hesabu hiyo kwa siku 365, naye atapata kwamba tunazika mama zetu zaidi ya 16 kila siku.

Jambo la kusikitisha ni kwamba saratani hii ni miongoni mwa zile zinazozuilika. Karibu kila mara husababishwa na virusi vya papiloma, ambavyo huambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Mtaalamu wa Kijerumani, Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuugundua ukweli huo. Watu wengi sana, wanaume kwa wanawake, hupata virusi hivi wakati fulani wa maisha yao, na mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Kwa wachache hubaki, vikaanza kuharibu chembechembe za mlango wa kizazi polepole. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka saratani yenyewe itokee, ingawa kwa mwenye kinga dhaifu inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10.

Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, ugonjwa huu si ushahidi wa uasherati. Mwanamke aliyetulia na mume mmoja maisha yake yote anaweza kuupata. La pili, ugonjwa huu hauna haraka. Unatupa miaka mingi ya kuuwahi, nasi tunaiacha ipite.

Kuuwahi kwenyewe si kazi kubwa. Muuguzi hupaka siki iliyopunguzwa makali kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama. Mahali ambapo chembechembe zimeanza kubadilika hugeuka weupe. Doa likiwa dogo, mara nyingi huweza kutibiwa siku ile ile, ama kwa kugandishwa kwa baridi kali ama kwa kuunguzwa kwa kifaa cha joto, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake. Wanawake wanashauriwa kuanza kupimwa wafikapo miaka 30. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI waanze mapema zaidi, kwenye miaka 25, kwa sababu hatari kwao ni mara sita ya wengine.

Mwaka jana wanawake kumi na mmoja wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa tulikubaliana kwenda pamoja katika kituo cha afya kupimwa. Mimi nina miaka 34, lakini walikuwamo pia mama watu wazima ambao waliniambia waziwazi, "Mwalimu, peke yangu nisingekwenda." Shughuli yote kwa kila mtu haikuzidi dakika chache. Mmoja wetu alikutwa na doa, akatibiwa pale pale. Tulimngoja, tukarudi sote kwa gari moja. Alipoambiwa na muuguzi kwamba asikutane na mumewe kwa mwezi mmoja na zaidi, wawili wetu tulikwenda kumweleza mzee huyo kwa heshima, naye akaelewa. Laiti mama yule angekwenda peke yake, nani angemsaidia kulisema jambo hilo nyumbani kwake?

Sasa nalinganisha na habari nyingine. Msichana mmoja niliyemfundisha Darasa la Sita alianza kukosa masomo siku mbili tatu kila juma. Nilipofuatilia nikakuta mama yake amelala ndani kwa miezi mingi. Alikuwa akitokwa damu nje ya siku zake, naye aliona haya kusema. Majirani wengine walidai amerogwa, wengine wakasema ni maradhi ya uhuni, na wale waliozoea kulima naye wakapunguza kupita pale. Zahanati ya kwanza aliyokwenda ilimpa vidonge vya kutuliza maumivu bila kumchunguza. Alipofikishwa hospitali kubwa ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea, akaandikiwa kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwetu. Ukoo ukakaa vikao. Nauli ilikosekana, na mtu wa kufuatana naye akakosekana. Alifariki kabla ya kusafiri.

Siku ya msiba kijiji kizima kilifika. Watu walileta fedha, mahindi, maharage na kuni. Kwa kuwa mimi ni mwalimu niliombwa kuandika daftari la rambirambi. Nilipojumlisha nikakuta kwamba fedha zile zingetosha nauli ya watu wawili kwenda Dar es Salaam na kurudi, na chakula chao kwa majuma kadhaa. Simlaumu hata mmoja aliyechanga, kwani kuchangia msiba ni utu wetu. Nataja tu hesabu iliyokuwamo daftarini. Fedha tulikuwa nazo. Watu tulikuwa nao. Tulichokosa ni kuvitoa wakati mama yule bado anapumua.

Wasomaji wengine watasema kwamba saratani ni kazi ya madaktari na ya Serikali. Ni kweli, na kazi hiyo ina mahali pake. Taasisi ya Saratani Ocean Road iliundwa kwa sheria mwaka 1996, katika hospitali iliyojengwa tangu enzi za Wajerumani, na Hospitali ya Bugando ya Mwanza nayo hutoa tiba ya mionzi. Lakini ifahamike tiba hiyo ilivyo. Mgonjwa wa mionzi huhudhuria kwa kawaida siku 5 za juma, kwa majuma yapatayo 5, na pengine zaidi. Daktari atatoa mionzi. Je, nani atapalilia shamba la kahawa la mama huyo? Nani atawapikia watoto wake uji wa asubuhi waje shuleni? Nani atakaa naye Dar es Salaam amshike mkono anapotapika? Kazi hizo haziko katika uwezo wa daktari. Ni zetu sisi majirani.

Nchi hii inajua namna ya kufanya mambo ya afya kwa umoja. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa habari za kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Kwa muda wa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi zaidi ya 70,000. Walisikiliza redio pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya katika kijiji chao. Walijifunza habari za malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Kisha wakatoka wakachimba vyoo, wakafyeka majani na kufukia madimbwi. Siri ya kampeni ile ilikuwa ni kile kikundi. Mtu akisikia neno akiwa peke yake hulisahau au huliogopa. Akilisikia pamoja na wenzake, wakalizungumza, hulitenda.

Vikundi leo tunavyo vingi kuliko wakati ule. Tuna vya kuweka na kukopa, vya upatu, kwaya, vikundi vya akina mama wa misikitini na makanisani, na vyama vya wakulima. Kwa hiyo nashauri mambo yafuatayo:

Kwanza, kila kikundi cha akina mama kitenge kikao kimoja kwa mwaka cha kuzungumza juu ya saratani hii, na kimwalike muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji. Dalili zitajwe bila haya: kutokwa damu baada ya kujamiiana, kutokwa damu nje ya siku za hedhi au baada ya hedhi kukoma, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, na maumivu ya kiuno na ya chini ya tumbo yasiyokwisha. Ikumbukwe pia kwamba mwanzoni ugonjwa hauna dalili yoyote, ndiyo maana mtu hupimwa akiwa mzima.

Pili, kikundi kiende kupimwa pamoja, kwa siku moja, na kisiache mtu nyuma.

Tatu, kila kikundi kitenge sehemu ya akiba yake iwe ya nauli na matunzo ya mgonjwa, kama tunavyotenga fedha za msiba. Nakala ya utaratibu huo ipelekwe kwa serikali ya kijiji.

Nne, mgonjwa akipatikana, ateuliwe mtu wa kufuatana naye, na wengine wagawane zamu za shamba na watoto wake. Aliyekwisha kutibiwa akapona aombwe, akipenda, akae na mgonjwa mpya na kumweleza aliyoyapitia. Neno la aliyepita njia hiyo lina uzito kuliko hotuba kumi.

Tano, zahanati zetu zipatiwe vifaa na wauguzi waliofunzwa kupima. Haifai mama atembee saa tatu kisha aambiwe arudi wiki ijayo. Hapa ndipo tunapoiomba Halmashauri nayo itimize wajibu wake.

Upande wa maisha yetu ya kila siku, tuache tumbaku, kwani huongeza hatari ya saratani hii na nyingine nyingi. Mwenye virusi vya UKIMWI atumie dawa zake bila kukatiza. Kondomu hupunguza hatari ya maambukizi ingawa haiiondoi yote. Vijana wetu wasiharakishe mambo ya kitanda. Na wale wauzao unga wa kutibu kila saratani wasitupotezee muda, maana katika ugonjwa huu muda ndio dawa.

Mwisho nizungumze na wazazi, hasa akina baba. Chanjo ya kuzuia virusi hivi ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwezi wa Aprili 2024 ilipanuliwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja tu, na haina malipo. Siku ilipoletwa shuleni kwetu baadhi ya madawati yalikuwa matupu, kwa sababu wazazi waliwafungia binti zao kutokana na uvumi kwamba chanjo hiyo inafunga kizazi.

Ndugu zangu, uvumi huo hauna msingi. Ndani ya chanjo hamna kirusi hai. Imetumika duniani tangu mwaka 2006, na mamia ya mamilioni ya dozi yamekwisha tolewa. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuitoa nchi nzima mwaka 2011, na zaidi ya wasichana 90 katika kila 100 waliolengwa walichanjwa. Huko Uingereza uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kwa wasichana walioletewa chanjo wakiwa na miaka 12 na 13, saratani hii ilipungua kwa asilimia 87. Kinachofunga kizazi ni saratani yenyewe, kwa kuwa mara nyingi mgonjwa huondolewa kizazi ili apone, na aliyechelewa huondoka yeye na kizazi chake. Baba anayemficha binti asichanjwe anadhani anamlinda, kumbe anamwachia deni la kulipa atakapokuwa na watoto.

Akina baba wawaruhusu pia wake zao kwenda kupimwa, na wasingoje kuombwa. Mume anayemwambia mkewe, "Nenda na wenzako, mimi nitabaki na watoto," amefanya kazi kubwa kuliko yule anayenunua sanda nzuri.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Daftari la rambirambi tumekwisha kulizoea, kila kijiji kina lake. Ombi langu ni kwamba mwaka huu tufungue daftari la pili, la nauli na matunzo ya wagonjwa, na tuliandike mapema.



Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Mbinga,
Ruvuma.